Kishikwambi, doki na projekta: kwa nini picha inatoka upande mmoja tu wa USB-C?

#1 Mwalimu_Bahi

Mbukwenyi, wana jukwaa. Naomba kueleweshwa jambo linalonisumbua tangu Julai, na nitalieleza taratibu ili anayetaka kusaidia asipate shida ya kuniuliza mambo ya mwanzo.

Ninafundisha Baiolojia katika sekondari moja wilayani Bahi. Natumia kishikwambi changu mwenyewe cha inchi 10, cha Android, na mwanzoni mwa mwaka nilinunua doki ndogo hapa Dodoma mjini kwa shilingi 65,000. Ina tundu la HDMI, matundu mawili ya USB ya kawaida yenye ulimi wa buluu, na tundu la USB-C la kupokelea chaja. Waya wake ni mfupi kama kiganja na umeshikamana na doki moja kwa moja, hauchomoki. Kuanzia Februari hadi Juni niliitumia kila wiki: projekta kwenye HDMI, mausi na flashi kwenye USB, chaja kwa nyuma, na wanafunzi wakaona picha za seli ambazo hadubini yetu moja isingeweza kuwaonyesha watoto 70 kwa kipindi kimoja.

Sasa nikichomeka kichwa cha waya huku maandishi ya doki yakiwa juu, mausi inafanya kazi, flashi inasomeka na chaji inaingia, lakini projekta haipati picha. Nikichomoa nikakigeuza, maandishi yakaangalia chini, picha inatoka. USB-C tuliambiwa haina juu wala chini. Ikiwa pande zote ni sawa, upande mmoja umekosa nini? Kinachonichanganya zaidi ni kwamba wiki iliyopita niliiunganisha kwenye runinga ya mwenzangu huko Nkuhungu, usiku, na picha ilitoka pande zote mbili.

#2 Kijana_wa_Chimwaga

Pole, Mwalimu. Mimi nalaumu doki. Kwa bei hiyo unapata kifaa ambacho waya wake ni mwembamba na haukukazwa vizuri shingoni, kwa hiyo ukikigeuza kichwa waya nao unapinda upande mwingine, na nyuzi zilizokatika ndani zinagusana au zinaachana kutegemea ulivyopinda. Nilikuwa nayo ya aina hiyo hiyo nikiwa mwaka wa pili. Ilikuwa haitoi picha mpaka niiegemeze kwenye kitabu.

#3 Mtumishi_Mtumba

Salamu kwenu. Nadhani jibu ni rahisi zaidi: vishikwambi vingi vya bei ya kati havina uwezo wa kutoa picha kupitia USB-C, vina USB 2.0 tu, ile ya zamani ya kasi ndogo, ndani ya tundu la kisasa. Umbo la USB-C lilitoka na Apple mwaka 2012, na tangu hapo kila mtengenezaji analiweka hata kama ndani hakuna kitu. Ofisini kwetu wenzangu watatu wamenunua doki ambazo kwenye vishikwambi vyao zinachaji na kusoma flashi, basi.

#4 Injinia_Makulu

Mtumishi, kuna mawili ya kurekebisha, kwa heshima. La kwanza, kilichotoka kwa Apple Septemba 2012 ni Lightning, yenye pini 8, ambayo kweli nayo inageuzwa juu chini. USB-C ni kiwango cha muungano wa watengenezaji wengi na kilichapishwa Agosti 2014, kikiwa na pini 24. La pili, Mwalimu amesema picha ilitoka kuanzia Februari hadi Juni na inatoka hadi leo kwa upande mmoja. Kishikwambi kisicho na njia ya picha hakitoi picha kwa upande wowote.

Lakini ulichosema kuhusu USB 2.0 ni kweli tupu na kinafaa kirudiwe, kwa sababu watu wanapoteza fedha. iPad ya kizazi cha 10, iliyotoka Oktoba 2022, ina tundu la USB-C lakini data inapita kwa megabiti 480 kwa sekunde, yaani kasi ya USB 2.0, ingawa picha inatoa. iPad Pro ya mwaka 2021 ina tundu la umbo lilelile na ni Thunderbolt, njia ya kasi kubwa zaidi, gigabiti 40 kwa sekunde. Kwa Samsung, Galaxy Tab A8 haitoi picha kwa waya, wakati Tab S4 ya mwaka 2018 inatoa na ina DeX ndani yake, yaani mfumo wa kukitumia kama kompyuta ya mezani. Ukiweka hayo matundu manne mezani bila majina, hakuna mtu atakayeyatofautisha kwa macho.

#5 Mtumishi_Mtumba

Nimekubali kuhusu mwaka, ahsante.

#6 Fundi_Majengo

Mwalimu, mimi ni fundi, nafungua matundu haya kila siku, kwa hiyo nieleze ninachokiona chini ya lenzi.

Katikati ya tundu la USB-C kuna ulimi mwembamba, na juu ya ulimi kuna pini 12, chini yake pini 12. Ukihesabu kutoka pembeni, pini ya kwanza na ya mwisho kila upande ni za ardhi, ya nne na ya tisa ni za umeme wa chaji, za katikati kabisa, ya sita na ya saba, ndizo zinazopitisha USB 2.0. Hizo ndizo zinazobeba mausi yako, na zimewekwa juu na chini kwa makusudi ili mausi isijali umegeuza vipi. Ya tano ni ya mazungumzo: kila upande una moja, na kishikwambi kinajua umechomeka kwa upande gani kwa kuangalia ni ipi kati ya hizo mbili imejibiwa. Zilizobaki pembeni ni jozi za kasi, ambazo ndizo njia ya picha.

Kwa hiyo kauli kwamba USB-C haina juu wala chini ni kweli kwa mtumiaji, lakini ndani kuna swichi inayohamisha picha kwenda kwenye pini za upande uliochomeka. Doki yako waya wake haung'oki, maana yake ndani ya kichwa cha waya picha inapita kwenye pini zilezile siku zote. Ukigeuza kichwa, kinachobadilika ni pini za kishikwambi, za doki hazibadiliki. Doki ikiwa mbovu pande zote mbili zingekataa. Kwa hoja hiyo mimi nasema ugonjwa uko kwenye tundu la kishikwambi, na kwa kuwa uko Bahi mwezi Agosti, dau langu la kwanza naliweka kwenye vumbi.

#7 Kijana_wa_Chimwaga

Fundi, leo umetuandikia mada nzima ya kidato cha sita, na nimeisoma mara mbili. Lakini hujaniondoa. Nakubali kwamba kwa umeme kinachobadilika ni pini za kishikwambi. Kwa mkono je? Doki hiyo ina waya wa HDMI mzito unaoning'inia na waya wa chaja nyuma. Ukiigeuza juu chini, uzito wote unavuta waya mfupi kwa mkunjo wa kinyume. Uzi uliokatika utagusana kwa mkunjo mmoja na kuachana kwa mwingine. Hilo nalo linafanana kabisa na anachokiona Mwalimu.

#8 Mkusanya_Takwimu_Kondoa

Kwenye vumbi nipo na Fundi. Mimi nilikuwa karani katika Sensa ya Agosti 2022, ile ya kwanza nchini kufanywa kwa vishikwambi, na tangu hapo nimefanya tafiti nyingine za kaya Kondoa na Chemba. Mwezi wa nane upepo unapeperusha vumbi jekundu laini kama unga, linaingia hata ndani ya mfuko wa plastiki. Mtu anachaji usiku, kichwa cha waya kinalisukuma ndani, kesho tena, baada ya wiki tatu kichwa hakifiki mwisho. Ukikiangalia utaona pengo dogo kati ya kichwa na ukingo wa kishikwambi, kama unene wa ukucha. Chaji bado inaingia ndiyo maana mtu hashtuki.

Mradi wa mwisho tulipewa vifaa vigumu vya shambani ambavyo havichajiwi kwa tundu kabisa. Chini vina vitufe vya shaba vyenye springi, na kwenye gari kuna kitako kinachovishika. Ukikiweka, pini zinagusana na chaji inaingia. Vumbi unalifuta kwa kitambaa na kazi inaendelea. Katika miezi minne ya kiangazi hakuna hata kimoja kilichokataa chaji kati ya 18 tulivyokuwa navyo. Ningependa vya shule vingetengenezwa hivyo.

#9 Mzee_wa_Mpwapwa

Vijana, hamjambo. Hivyo vitako na pini za pekee vina uchungu wake, naomba mnisikilize kabla hamjavisifu. Mwaka 2011 mwanangu aliniletea Asus Transformer, kishikwambi kinachopachikwa kwenye kibodi yenye betri ya pili, matundu mawili ya USB na mahali pa kadi. Kilikuwa kitu kizuri sana. Nilikiandikia taarifa za ushirika wetu kwa miaka miwili. Tundu lake lilikuwa na pini 40, la kampuni yenyewe, na waya wake wa chaji haukufanana na wa kitu kingine chochote. Waya ulipokatika nilitafuta Mpwapwa, nikatafuta Dodoma, nikaagiza Dar es Salaam nikaletewa usiofanya kazi. Kishikwambi kizima, betri mbili nzima, vikafa kwa kukosa waya.

Apple nao walikuwa na lao la pini 30 tangu 2003, na Samsung akatengeneza la kwake la pini 30 ambalo halikuingiliana na la Apple. Kila nyumba na ufunguo wake. Kwa hiyo USB-C kwangu ni neema, hata kwa kasoro hizi mnazozitaja.

#10 Mtumishi_Mtumba

Shikamoo, Mzee. Ninakubaliana nawe, lakini si kila tundu la kampuni ni la kulia nalo. Mimi natumia Surface kazini. Ina tundu la sumaku la Surface Connect, ambalo Microsoft walianza nalo kwenye Surface Pro 3 mwaka 2014, na doki iliyo mezani kwangu inabeba skrini mbili, mtandao wa waya, kibodi na chaji kwa kushika mara moja tu. Mtu akijikwaa kwenye waya unachomoka wenyewe bila kuangusha kifaa. Na matoleo yao ya sasa yana USB-C pia pembeni, kwa hiyo waya wa sumaku ukipotea chaji hukosi.

#11 Mama_Zabibu

Habari zenu. Nina swali la pembeni kidogo, naomba msinifukuze. Kishikwambi changu cha hesabu za shamba ni cha zamani, tundu lake ni lile dogo la Micro-USB. Nimenunua adapta ya OTG nikachomeka kibodi, inaandika vizuri, ila haiwezekani kuchaji huku naandika. Betri inaisha katikati ya hesabu. Doki ya Mwalimu ingenisaidia?

#12 Injinia_Makulu

Mama, karibu, swali lako ni ndugu wa hili. Micro-USB ina pini 5. Nne ni za umeme na data, moja iliyobaki ni ya utambulisho. Adapta ya OTG inaiunganisha pini hiyo na ardhi, na kishikwambi kikiona hivyo kinajua chenyewe ndicho mwenyeji, kwa hiyo kinaanza kutoa umeme kuupeleka kwenye kibodi. Kinachotoa umeme kupitia njia moja hakiwezi kuupokea kupitia njia hiyo hiyo wakati huo huo. Upo utaratibu wa kiwango unaotumia ukinzani fulani kwenye pini hiyo ya utambulisho ili kuruhusu vyote viwili, lakini watengenezaji wachache waliuweka. Doki ya USB-C kwa adapta haitakusaidia. Kibodi ya Bluetooth itakusaidia leo hii, na tundu litabaki kwa chaji.

Katika USB-C mambo haya mawili yametenganishwa: nani anatoa umeme na nani anaongoza data. Kishikwambi cha Mwalimu kinaongoza data huku kikipokea umeme kutoka kwenye doki, na hayo yote yanapangwa kwa mazungumzo kwenye ile pini ya tano aliyoitaja Fundi.

#13 Mama_Zabibu

Ahsante sana, nimeelewa.

#14 Mtumishi_Mtumba

Hapo Injinia amenifungulia mlango mwingine. Mwalimu, pale Nkuhungu ulichomeka chaja?

#15 Mwalimu_Bahi

Ahsanteni nyote, nimefuata kila chapisho. Mtumishi, umenishika pabaya. Sikuchomeka chaja. Betri ilikuwa na asilimia 80, na tuliunganisha HDMI tu tukatazama taarifa ya habari. Shuleni chaja huwa imechomekwa siku zote kwa sababu vipindi ni vitatu mfululizo. Na chaja yenyewe si ile ya mwanzo. Ile ya mwanzo iliungua mwezi Juni umeme ulipokatika na kurudi mara mbili tatu, nikanunua nyingine.

#16 Mtumishi_Mtumba

Basi nadhani tumefika mahali. Dalili zilianza Julai, chaja ilibadilishwa Juni. Doki inachukua sehemu ya umeme wa chaja kwa ajili yake kabla ya kupitisha unaobaki. Chaja ikiwa dhaifu, tuseme ya volti 5 na ampia 2, ni wati 10 tu. Ukitoa za doki, mausi, flashi na chipu inayobadilisha picha kuwa HDMI, kinachobaki ni kidogo. Ofisini tuliona doki ikizima picha kila tulipochomeka chaja ya simu, na ikatulia tulipoweka ya wati 65.

#17 Fundi_Majengo

Mtumishi, chaja dhaifu naijua, lakini haichagui upande. Ingezima picha maandishi yakiwa juu na yakiwa chini.

#18 Mtumishi_Mtumba

Isipokuwa pini za upande mmoja zimechakaa kidogo. Upande mzuri unavumilia umeme unaotetemeka, upande mbaya hauvumilii. Nkuhungu hakukuwa na chaja, umeme ukatoka kwenye betri, ambao ni mtulivu, pande zote zikafanya kazi. Sioni maelezo mengine yanayobeba ushahidi wote wa Mwalimu kama haya.

#19 Dada_wa_Kongwa

Naingia kwa uchache. Je, kusiwe ni waya mrefu wa HDMI? Ukumbini kwetu waya wa kufika kwenye projekta ya darini ni wa mita 15 na unasumbua mara kwa mara. Kwa rafiki yake runinga iko hatua moja kutoka kwenye meza.

#20 Injinia_Makulu

Dada, waya mrefu wa HDMI ni tatizo la kweli, lakini kwenye kisa hiki unakaa mbali. Kutoka kishikwambini picha inasafiri kwa mfumo wa DisplayPort, ambao uliruhusiwa kupita kwenye USB-C tangu Septemba 2014. Ikifika ndani ya doki, chipu inaipokea na kuitengeneza upya kuwa HDMI. Baada ya hapo waya mrefu haujui kichwa cha kule mwanzo kimegeuzwa au la.

Sasa naomba Mwalimu afanye jaribio moja ambalo halihitaji kufungua chochote. Doki yake ina HDMI na USB za kasi kwa pamoja, kwa hiyo karibu hakika inagawa jozi za kasi nusu kwa nusu: jozi za nusu moja ya ulimi, tuseme ya kushoto, juu na chini yake, zinabeba picha, za nusu ya kulia zinabeba data ya USB 3, ile ya kasi. Ukigeuza kichwa, vinabadilishana upande. Ikiwa upande mmoja wa tundu ni mbovu, basi picha inapokataa flashi itakimbia, na picha inapokubali flashi itashuka hadi kasi ya USB 2.0, kwa sababu sasa data ndiyo imeangukia upande mbovu. Chukua faili kubwa, flashi iwe ya USB 3, tumia saa ya simu, pima pande zote mbili.

Na usisafishe chochote kwanza. Ukisafisha kabla ya kupima hatutajua kilichokuwepo.

#21 Mkusanya_Takwimu_Kondoa

Jaribio zuri sana hilo, nami nitalifanya kwenye cha kwangu.

Ukifika wakati wa kusafisha, Mwalimu, usitumie sindano. Niliona mwenzetu akichokonoa kwa pini ya kitambulisho na kishikwambi kikafa palepale. Pini ya umeme na pini ya mazungumzo zimekaa jirani, ya nne na ya tano, umbali wa nusu milimita. Ukiziunganisha kwa chuma unapeleka umeme wa chaji kwenye chipu isiyouvumilia.

#22 Fundi_Majengo

Ushauri sahihi, sababu nusu sahihi. Tundu lililo tupu huwa halina umeme kwenye pini ya nne. Kishikwambi hakitoi umeme mpaka kione kuna kitu kimechomekwa. Huyo mwenzenu huenda kifaa kilikuwa na hitilafu tayari, au aliukwaruza ulimi. Hatari ya sindano ninayoiona mezani kwangu kila wiki ni tatu: inainua pini, inavunja ulimi, au inaacha uchafu wenye chuma na unyevu kati ya pini ya nne na ya tano, kisha usiku mtu anachomeka chaja inayopanda hadi volti 20, ndipo moshi unatoka. Tumia kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, ukichonge kiwe bapa, kifaa kikiwa kimezimwa. Puliza kwa kipulizio cha mkono, si kwa mdomo, kwa sababu mdomo unapeleka mate.

#23 Mzee_wa_Mpwapwa

Nimesoma mahali kwamba Umoja wa Ulaya umelazimisha USB-C kwa wote. Labda sasa matundu yatakuwa ya aina moja ndani na nje.

#24 Injinia_Makulu

Mzee, shikamoo. Ni kweli, sheria hiyo ilianza kutumika kwa simu, vishikwambi na vifaa vingine vidogo tarehe 28 Desemba 2024. Lakini inahusu chaji tu: umbo la tundu, na vifaa vinavyochaji kwa kasi vifuate utaratibu mmoja. Hailazimishi mtu kuweka njia ya picha wala kasi fulani ya data. Waya wako wa Asus usingekufa leo kwa chaji. Kibodi yenye betri ya pili ingebaki kama ilivyokuwa.

#25 Mwalimu_Bahi

Wana jukwaa, nimerudi na majibu. Nilipima jana saa kumi baada ya vipindi, chaja ikiwa imechomekwa, faili la video la MB 900 kutoka kwenye flashi kwenda kwenye kishikwambi, mara tatu kila upande.

Maandishi yakiwa juu, picha haipo: sekunde 10, 10, 11. Maandishi yakiwa chini, picha ipo: sekunde 31, 31, 30.

Ni kama alivyosema Injinia. Sikuwahi kugundua kwamba flashi ilikuwa ikipungua kasi, kwa sababu macho yangu yalikuwa ukutani.

Kisha nikachomoa chaja nikarudia upande wa maandishi juu. Katika mara tano picha ilitoka mara tatu. Nilipoirudisha chaja haikutoka hata mara moja. Mwishowe nikazima, nikachonga kijiti, nikakipitisha taratibu kuzunguka ulimi. Kwenye kona ya ndani, upande unaokuwa chini nikikilaza kishikwambi, kulitoka kitu kama kipande cha blanketi: nyuzi za pamba za mkoba wangu zilizogandamana na vumbi jekundu, bapa kabisa, chenye alama ya kichwa cha waya. Kichwa sasa kinazama hadi mwisho kwa mlio ambao nilikuwa nimeusahau.

Nikawasha nikitarajia tatizo limekwisha. Picha upande wa maandishi juu, chaja ikiwepo: imetoka mara mbili katika tano.

#26 Injinia_Makulu

Mwalimu, ahsante kwa kupima vizuri hivyo. Namba zako zinaonyesha wazi kwamba kasoro iko kwenye jozi za upande mmoja wa kishikwambi. Zinaniambia wapi, haziniambii kwa nini. Inaweza kuwa mguso wa pini, inaweza kuwa ile swichi ya ndani inayohamisha njia, ambayo ni chipu ndogo na joto la ukumbi wenu mchana linaweza kuiathiri. Mimi naegemea swichi, kwa kuwa umesafisha na bado.

#27 Fundi_Majengo

Mimi siegemei swichi. Tundu la USB-C limeshikwa kwenye bodi kwa miguu minne na safu ya pini zilizochomelewa. Kwa miezi mingi umechomeka kichwa kisichofika mwisho kwa sababu ya lile blanketi, doki ikining'inia pembeni ya meza na waya wa chaja ukiivuta chini. Hapo kichwa kinakuwa kama wenzo, na chomeleo za pini za upande mmoja zinapasuka kidogo, ufa usioonekana bila lenzi. Chaja ikiwepo, uzito unaongezeka, ufa unafunguka. Chaja ikiondolewa, tundu linarudi. Nkuhungu doki ililala mezani bila chaja. Hiyo ndiyo tofauti niionayo kati ya nyumba ile na ukumbi wenu, na umeme wa chaja hauhusiki.

#28 Mtumishi_Mtumba

Fundi, tofauti uliyoieleza ni uwepo wa chaja, na mimi nimesema hilo hilo tangu #16. Wewe unaona uzito wa waya wake, mimi naona umeme wake. Ushahidi wa Mwalimu haujatutenganisha.

#29 Kijana_wa_Chimwaga

Nami bado sijaachia mkunjo wa waya wa doki, ingawa namba za flashi zimenipunguzia nguvu. Lakini kuwatenganisha hawa wakubwa wawili ni rahisi: Mwalimu aweke kitabu chini ya doki ilingane na kishikwambi, chaja ikiwepo, waya wake ulale mezani usivute. Picha ikitulia, ni uzito. Ikikataa, ni umeme au swichi.

#30 Dada_wa_Kongwa

Na aazime chaja ya mtu mwingine kwa siku hiyo hiyo.

#31 Mwalimu_Bahi

Nimefanya la kitabu leo asubuhi kabla ya kipindi. Nimetumia vitabu viwili vya Kidato cha Tatu, doki ikakaa sawasawa na kishikwambi, waya wa chaja nikaubana kwa kifutio. Mara nne katika tano picha imetoka. Mara ya tano haikutoka, na sikugusa kitu. Chaja ya kuazima sikuipata. Aliye nayo yuko semina mjini. Kipindi kimefanyika kwa maandishi kuangalia chini, kwa mwendo wa flashi wa pole, na watoto wameona mgawanyiko wa seli hatua zote.

Jumamosi nina safari ya mjini. Fundi, kibanda chako kiko upande gani wa soko?

#32 Fundi_Majengo

Nimekuandikia mahali kwenye ujumbe wa ndani. Njoo na kishikwambi, doki na chaja hiyo hiyo, pamoja na ile iliyoungua kama hujaitupa. Nitaliangalia tundu chini ya lenzi kabla ya kupasha moto chochote, na chomeleo zikiwa nzima nitakuambia ni nzima.

#33 Injinia_Makulu

Nami nitapita saa nne nikiwa na chaja ya wati 65 na kipimo cha volti. Mtumishi, ukiwa huru, njoo uione mwenyewe.

#34 Mtumishi_Mtumba

Nitakuwepo.